Simba Mmoja wa Kushikia

Fundi amepiga magoti mbele ya kiti cha enzi, kichwa kakiinamisha. Ungedhani anamsujudia mtu. Anatafuta msumari ulioanguka. Kesho kiti hiki, chenye mgongo mrefu kuliko mlango na mahameli nyekundu, kitakaliwa na bwana harusi asiyemfahamu.

Mtaani wanamwita Mfalme, kwa utani tu, maana viti vya enzi vya kumbi zote za karibu vimetoka mikononi mwake, na mwenyewe hukalia ndoo iliyopinduliwa. Wateja wake ni wenye kumbi za harusi na wapiga picha. Msimu wa harusi ukichanganya, karakana yake ndogo haina pa kupitisha mguu.

“Kiti cha enzi hakitakiwi kumstarehesha mtu,” anasema bila kupepesa macho. “Akistarehe anajikunja. Akijikunja, picha imeharibika.”

Ujuzi huo ndio uliomtia aibu nyumbani kwake.

Mwaka jana mkewe aliteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini kochi la sebuleni sasa ni la chini mno kwake. Akilikalia hawezi kuinuka. Tangu hapo anakula kitandani, na mumewe anakula mezani peke yake. Wote wawili wanasema hawajazoea.

Fundi alijifungia karakanani, akatoka na kiti kizuri kuliko vyote alivyowahi kuunda, simba wawili wamechongwa kwenye mikono yake. Majirani walikuja kukishangaa. Mkewe akakalishwa, akaanza kuteleza kwenda mbele, akakunja uso kwa maumivu.

“Mume wangu, umenitengenezea kiti cha kutazamwa,” alimwambia. “Mimi nataka cha kulia chakula na wewe.”

Fundi alinuna. Mkewe hakubishana naye, alimwomba tu akikalie mwenyewe wakati wa chakula cha mchana. Mfalme akakaa. Kabla sahani haijaisha alikuwa ameshahamia kwenye ndoo, anajikanda kiuno. Miaka yote hiyo ya ufundi, hakuwahi kukalia kazi ya mikono yake.

Sasa, kazi za harusi zikipungua, anaunda kingine cha mbao tupu. Kila akikirekebisha, anakalia hicho hicho kula, huku mkewe akimuuliza kutoka chumbani kama mgongo unauma. Akijibu ndiyo, randa inarudi kazini.

Alikusudia kisiwe na nakshi hata moja. Mkewe alikataa.

“Simba mmoja mwache, wa mkono wa kulia,” alisema. “Nikitaka kuinuka nimshike kichwa.”

Msumari umepatikana, na kiti cha bwana harusi kimesogezwa kando. Fundi anampiga simba msasa, manyoya yote anayalainisha yasije yakamchubua mkewe kiganja. Anatumaini mkewe atakijaribu kiti chake Jumapili. Meza ameshaisogeza dirishani: upande mmoja ipo ndoo yake, upande wa pili ameacha nafasi.