Muringa Wenye Pete ya Chokaa

Mume wangu alikuwa mtu wa vibali. Alilinda miti ya halmashauri kando ya mto, kule juu ya Ruiru, pale mashamba ya kahawa ya wazungu yalipokoma na matuta yetu ya vilima yakaanza, na hakuna aliyetoa hata kuni za kuchemshia githeri bila karatasi. Siku moja alimrudisha mama yake mzazi, mzigo mgongoni, hadi akautua palepale alipouokota. Mama mkwe alimaliza wiki nzima bila kuonja chai kwetu.

"Anayekata ndiye anayepanda," alipenda kusema, na hakuwa akijifanya mzee wa methali. Ndivyo utaratibu ulivyokuwa. Kila gunia la makaa lililoteremka kwenda Thika lilikuwa na kibali, kibali kilikuwa na ada, na ada hiyo ndiyo iliyonunua mbegu na kumlipa yeye mshahara na mimi ujira wangu wa kitaluni. Nilikuwa nikijaza udongo kwenye makopo ya maziwa, nikitia mbegu, nikimwagilia. Wenzangu walikuwa na watoto. Mimi miaka hiyo Mungu alikuwa bado hajanipa, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa nikiongea na miche.

Mbegu zilizoota vizuri kuliko zote zilitoka kwenye mti mmoja tu, muringa mkubwa uliosimama pale mto unapopinda. Mti wa mbegu ulipakwa pete ya chokaa kwenye shina, usawa wa kiuno, ili kila mwenye shoka ajue si wake. Kuupaka ilikuwa kazi yangu kila mwaka.

Serikali ya wazungu ilipotangaza Hali ya Hatari, ada haikuacha kukusanywa. Iliacha tu kurudi kitaluni. Tuliambiwa kwamba pesa za mbegu sasa zinajenga vituo vya homugadi, wenzetu waliopewa bunduki na serikali. Mume wangu alivaa koti lake akaenda ofisini Thika kuuliza, akarudi na jibu lilelile. Kisha ikatoka amri kwamba kando zote za mto zifyekwe, wapiganaji wa msituni wasipate pa kujificha. Na aliyepewa kusimamia kazi ya kukata alikuwa huyohuyo mlinzi wa miti.

"Walinilipa nipande," aliniambia jioni hiyo, chakula kimempoa mbele yake. "Sasa wananilipa nikate. Na mshahara ni uleule."

Aliomba jambo moja tu. Bwana wa misitu, mzungu mrefu aliyependa miti kuliko alivyotupenda sisi, alipokuja kukagua, mume wangu alimwomba muringa ubaki, maana vita vikiisha mbegu zitatoka wapi? Mzungu aliutazama mti kwa muda. "Wacha ile ya mbegu," alisema. "Tia chokaa mpya." Akapanda gari lake akaenda. Hakuandika kitu, na mume wangu, aliyemdai mama yake karatasi kwa mzigo wa kuni, hakumdai. Kinyozi hajinyoi. Wiki mbili baadaye bwana yule alihamishwa.

Nilipaka chokaa mpya, pana kuliko miaka yote. Nilitaka ionekane.

Tulianza kukata siku ya Jumatatu. Kazi hiyo ya kulazimishwa tuliiita gitati: wanawake wa matuta yote na panga zao mbele, homugadi na bunduki zao nyuma. Mama mkwe naye alikuja, maana uzee haukuwa udhuru.

Zamani watu wetu wakifyeka msitu waliacha mti mmoja mkubwa umesimama, ili roho za miti iliyokatwa zipate pa kukaa, zisizurure na kudhuru watu. Kila mti ukianguka, tawi lake liliegemezwa kwa ule uliobaki. Mama mkwe alinisimulia hayo siku moja tukimenya viazi, nami, mtu wa kanisa, nikamcheka. Lakini mti wa kwanza niliopangiwa asubuhi hiyo niliufahamu. Niliukuza mwenyewe kutoka kwenye kopo, nikaulilia mwaka mbuzi walipoula ncha. Nilipouangusha, sikuweza kuuacha pale chini hivihivi. Nilivunja tawi, nikalipeleka hadi kwenye muringa, nikaliegemeza.

Mama mkwe aliniona. "Achana na hayo, mwanangu," alininong'oneza. "Hawa watu siku hizi wana macho." Yeye, mtu wa mambo ya kale, ndiye aliyenikataza. Sikumsikiliza. Kufika saa sita wanawake wengi walikuwa wameegemeza matawi yao bila kuambizana neno, na matawi yameuzunguka mti pande zote. Mwishowe mama mkwe naye akavunja lake. Nadhani hakutaka niwe peke yangu, lakini sikupata kumuuliza.

Mkubwa wa homugadi alifika alasiri. Aliiona pete nyeupe, akayaona matawi, akatukusanya.

"Hii alama ni ya nani? Nani naonyesha watu ya msitu njia? Nani alianza?"

Mama mkwe alikuwa amesimama karibu kabisa na mti, tawi lake bado mkononi. Mimi nilikuwa hatua chache nyuma yake. Nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa neno moja. Kabla sijalitoa, mume wangu alikuja mbio kutoka upande wa pili. Aliutazama mti, akamtazama mama yake.

"Ni mimi," alisema. "Hii mti ni ya ofisi. Nimeruhusiwa kuacha."

"Kibali iko wapi?"

Na yule mtu wa vibali akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akapapasa, kana kwamba huenda karatasi imejiandika yenyewe. Nimeuona mkono ule kila siku ya maisha yangu.

Walimfunga mikono wakampeleka Thika, na kutoka huko hadi kambi ya kizuizini. Lori lilipoondoka, mama mkwe alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu nisiyoijua kwake. "Nyamaza," alisema. "Mmoja ametosha." Nikanyamaza. Sijawahi kutii amri ya mtu upesi namna ile.

Kesho yake tuliamriwa kuukata muringa. Ulituchukua siku mbili, nami nilikata pamoja na wengine.

Miaka iliyofuata barua zilikuja mbili tu. Mwalimu wa kanisa ndiye aliyenisomea. Mume wangu alinisalimu mimi, akawasalimu majirani, akauliza hali ya mbuzi. Mama mkwe, aliyekuwa na kikohozi kisichomtoka, alinisubiri mlangoni mara zote mbili.

"Na mimi?"

"Amekusalimu sana, maitu," nilimjibu, kwa jina tunalomwitia mama.

Alikufa wakati wa mvua za masika, akazikwa haraka, kwa sababu amri ya kutotoka ilitupa saa chache tu za kuwa nje.

Mume wangu alirudi miaka hiyo ya hamsini ikielekea kwisha, amekonda, meno ya mbele hana. Alikwenda mtoni mara moja, akaona udongo mwekundu ukiporomoka majini, asirudi tena. Alipata kazi kiwandani Thika, nasi tukapewa chumba mtaa wa Makongeni. Hakupanda hata ua. Jumapili moja, tumetoka kanisani, nikimmiminia chai, alizungumza bila kuulizwa.

"Maitu hakuweza kuacha mambo yake ya kale," alisema. "Nilimwona na lile tawi mkononi. Ningefanya nini, wamchukue mzee? Lakini nilimkasirikia kule kambini, nikakataa hata kumtumia salamu. Alijua sheria. Alijua wanatafuta kisingizio." Alikizungusha kikombe mezani. "Sasa nimemsamehe. Nilitaka ujue."

Jibu lilikuwa bado lile neno moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekaa naye meza moja, buli mkononi. Nilimtazama uso ulivyolegea, mara ya kwanza tangu arudi, nikaona kwamba msamaha ule ndio kitu pekee alichorudi nacho kutoka kule.

Nikamwongezea chai. Alimsamehe mama asiye na kosa hadi siku yeye mwenyewe alipokufa, nami nikamwacha aamini hivyo.