Téléphone iliziba neno nzuri, sasa naambiwa nilitukana ukoo yao

Admin, naomba ufiche jina yangu. Kati ya wenye watasoma hii, wamoja tunasali nao, na wakijua ni mimi sitapata mahali pa kupitia hapa Bunia.

Niko binti wa miaka makumi mbili na sita, nafundisha primaire, nakaa kwa mama yangu Mudzipela. Siye ni watu wa Mahagi. Familia ya fiancé wangu ilitoka Butembo, wanauzisha bati na misumari kule Shari. Baba yao alikufa zamani, grand frère yake, kaka yake mukubwa, njo alimulea na kumusomesha. Wote wanamuita Yaya. Mu ile nyumba, Yaya akisema, imekwisha.

Fiancé njo aliniingiza mu mchezo moja ya téléphone. Mutu mumoja anaongoza hadithi, wengine kila mutu anachukua mutu wake wa mu hadithi, anaandika yenye anasema na yenye anafanya, kisha téléphone inarusha dadu kuonyesha kama atafaulu. Yaya alikuwa anaongoza. Wachezaji tulikuwa fiancé, bibi ya Yaya, ni kusema muke wake, na mimi. Nilifurahi sana. Nilijiambia, afazali watanizoea mbele ya dot, ni kusema mahari.

Siku ya shida ilikuwa dimanche, nyuma ya misa. Nilikuwa nimekaa inje na mama, yeye anachambua maharagi, mimi na téléphone. Mu hadithi nilikuwa muganga, nimefika kwa ukoo ya wafua vyuma, nataka chef wao anipitishe. Chef, Yaya njo alikuwa anamuchezea. Nikafikiri nimusifu kidogo. Nikaandika: « Muzee, ukoo yenu ni réputée, kila mutu anajua. Tufungulie mulango. »

Yenye ilitokea kwa téléphone zetu zote ni hii: « Muzee, ukoo yenu ni *, kila mutu anajua. Tufungulie mulango. »

Chini yake mchezo ikaandika kwa rangi nyekundu kama nimesimamishwa juu ya matusi. Nikataka kueleza, nikakuta mahali pa kuandikia pamefungwa.

Yaya akauliza: « Ukoo yetu ni nini? » Siwezi kujibu. Akarudilia: « Jibu. Ukoo yetu ni nini? » Nikamupigia, akakata. Nikamupigia tena, akakata. Nikamupigia fiancé.

« Umeandika nini? »

« Nimeandika réputée! Kama munajulikana kwa uzuri! »

« Sasa juu ya nini machine iseme ni tusi? »

« Sijui! »

« Yaya amekasirika mubaya. Ngoja kwanza. »

Nilingoja. Yaya akapiga capture, picha ya ile maandishi, akaituma mu groupe ya familia, ikafika mpaka kwa mama yao Butembo. Munaoishi huku munajua: mutu wa kabila ingine akiandika « ukoo yenu ni », kisha kunafuata nyota, kila mutu anaweka pale tusi yenye anaogopa kuliko zote. Tantine yao moja, shangazi, aliapa kama ni ile jina walikuwa wanaitwa walipofika huku. Mujomba akasema hapana, ni mubaya kupita ile. Wakasimamisha mambo ya dot.

Kesho yake nikaenda Shari. Yaya alinipokea amesimama kwa mulango wa magasin, duka yao, hata kiti hakunipa. Fiancé alikuwa ndani, anapanga bati.

« Yaya, naomba uandike ile neno weye mwenyewe, utaona. »

« Mimi niandike tusi? »

« Haiko tusi, Yaya. Nilikuwa nawasifu. »

« Machine haina kabila, binti. Haiwezi kukusingizia. »

Nikamuangalia fiancé. Akaendelea kupanga bati.

Nikatoka. Bibi ya Yaya akanifuata, akajifanya ananitafutia moto, pikipiki ya kunirudisha. Akaniambia pole pole: « Mudogo wangu, nilijaribu. Niliandika réputé, ikaziba. Député, ikaziba. Dispute, ikaziba. Ndani ya hizo maneno zote muko herufi za ile tusi ya Kifaransa wanatukana nayo mwanamuke. Machine haijue kutofautisha. »

Nilitaka kumuvuta turudi ndani palepale! Akanikamata mukono kwa nguvu. « Usinitaje. Nikimupinga mbele ya watu, nitaishi naye namna gani? Niko na watoto. » Machozi ilikuwa kwa macho yake, sikuweza kumulazimisha.

Jana fiancé alikuja kwetu. « Omba tu pardon. Sema ulikosea, Yaya atasamehe, dot itaendelea. »

« Nikiomba pardon, nimekubali kama nilitukana. Hata watoto wetu wataambiwa mama yao alitukana ukoo yao. »

« Sasa ile neno njo ina maana kwako kupita mimi? »

Nikamuuliza: « Weye unaamini niliandika nini? »

« Sitaki kuingia mu ile maneno. »

Téléphone ilikuwa mukononi mwake, mchezo iko ndani. Nikamuambia: « Andika réputée sasa, hapa, mbele yangu. » Aliangalia téléphone, akaniangalia, akaitia mu mufuko. Akasema mutu wa moto anamungoja.

Samedi, jumamosi hii, wameniita kwao, nikae mbele ya wajomba. Mama anasema nipige magoti, ndoa haitafutwe kila siku. Nikipiga magoti, nimejiandikia tusi yenye sikuandika. Nikieleza peke yangu, watasema najitungia, na mchezo ingali imenifungia; nikimutaja bibi ya Yaya, nitajiponyesha mimi na kuchoma nyumba yake. Nikikataa yote mbili, imekwisha, na ninamupenda huyu mwanaume, siwezi kuwadanganya.

Ndugu na dada zangu, mungekuwa mimi, samedi mungesema nini? Niambieni bila kunionea haya. Na mutu mwenye alishindwa kuandika neno moja juu yangu, kweli niolewe naye?