Jina ya Mwalimu Fulgence mu Liste

Mama mukubwa Régine, yaya, ndiyo dada mukubwa ya mama yangu, alikuwa anasema muzungu ni mutu sawa mutu yote, anaomba tu alishwe kwa saa yake. Muzungu wake alikuwa anaitwa Monsieur Édouard. Ubalozi ya inchi yake kule Kinshasa ilimutuma Bunia mwaka wa 2002, aangalie vita yetu na kuandika rapport. Mama mukubwa alikuwa anamupikia, anamufulia, anamupigia nguo pasi ya makala, na anamugombeza. Akiacha chakula, anamuuliza: «Monsieur, sahani hii niirudishe kwa nani?» Na diplomate muzima anakamata tena kijiko.

Mimi nilikuwa ninaishi kwa mama mukubwa na bwana yake, quartier Lumumba. Nyingine niliona na macho yangu, nyingine mama mukubwa mwenyewe alinielezea mara kumi, basi mutu asikuje kunisahihisha.

Bwana yake, baba Fulgence, alikuwa mwalimu wa biologie. Kwao ni Djugu. Nyumba yao ilichomwa, wakakimbilia Bunia na ndoo moja na picha ya ndoa. Kabila yake sitaitaja. Kwetu ukishataja kabila, watu wanaacha kusikia hadisi, wanaanza kuhesabu. Alikuwa mutu wa upole, lakini kufundisha ilimushinda kuacha. Hata mezani, ukikamata mufupa ya kuku, anakuambia jina yake na kazi yake, nyama inapoa. Mama mukubwa alimupenda vibaya sana. Akichelewa robo saa, unamukuta mama amesimama mu mulango.

Basi siku moja, saa sita ya muchana, radio ikasoma remaniement, kubadilisha mawaziri. Mouvement ya bunduki yenye ilikuwa inatawala Bunia wakati ile ilikuwa na serikali yake na mawaziri yake, hata kama serikali yenyewe haikufika mbali na mji. Huyu anatoka, huyu anaingia. Siye tulikuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo. Halafu tukasikia: waziri wa kilimo, Monsieur Fulgence, na jina yake ya ukoo, yote.

Hakuna mutu alikuwa amemuuliza. Mwaka wenye ulipita alizungumza mu radio ile ile juu ya ugonjwa ya muhogo, dakika kumi tu. Nazani mutu mumoja alikumbuka. Mama mukubwa aliweka kisu chini. Hakulia. Aliniambia: «Wamemuua.»

Na usifikiri ni maneno ya woga. Akikubali, ndugu zake wenye walibaki mu milima ya Djugu watasema anakula pamoja na wenye walituchomea, na siku moja barabarani hawatamuacha. Akikataa, wenye bunduki hapa mjini watamuuliza: weye uko na nani? Pande zote mbili ni kaburi. Baba Fulgence akarudi toka masomo, wanafunzi walikuwa wamemupigia mikono. Akaikaa, akasema ataandika barua, akatae kwa heshima.

«Kwa heshima,» mama mukubwa akasema. «Ikaa pale, usiandike kitu.»

Akafunga kikwembe yake, akaenda ku kazi.

Alimukuta Monsieur Édouard mu furaha. Ku ukuta ya bureau yake kulikuwa karatasi kubwa: kila waziri na kisanduku yake, kila kabila na rangi yake.

«Mama Régine, angalia,» akamuambia. «Rangi ya kijani imeingia. Mwalimu, mukimbizi, hana bunduki. Hii ni ouverture ya kweli, wamefungulia wengine mulango. Nimeshatuma rapport.»

Mama mukubwa akaangalia ile kisanduku.

«Monsieur, huyu wa kijani ndiye alikupandia zile choux, kabichi za nyuma ya nyumba. Ni bwana yangu.»

Monsieur Édouard akamunyooshea mukono: félicitations, hongera Mama. Hapo mama mukubwa akaikaa mu kiti ya wageni. Miezi saba mu nyumba ile, hakukuwa ameikaa hata siku moja. Akamuelezea yote, ya mjini na ya milima. Monsieur Édouard akatoa lunettes ya macho, akaifuta na shati, shati yenye mama mukubwa alikuwa ametoka kumupigia pasi, na siku ile hakumugombeza.

«Nifanye nini?» akauliza. «Kesho directeur de cabinet wa Mouvement, mukubwa wa ofisi yao, anakuja kula hapa. Nimuambie bwana yako anakunywa?»

«Monsieur, wakifukuza wenye kunywa, nani atabaki?»

«Nimuambie anaiba?»

«Hapo watamupandisha cheo.» Akafikiri. «Muambie iko mugonjwa wa kichwa. Mugonjwa wa kichwa, hakuna mutu atamufuata. Hata ku milima watamuhurumia.»

Kesho yake alipika samaki ya Kasenyi, na tomate na pilipili. Directeur alikula muzuri. Monsieur Édouard akakohoa, akazungumzia mvua, akazungumzia barabara, akakohoa tena. Mutu yule hakujua kusema uongo, na ati ni diplomate. Mama mukubwa nyuma ya rideau, pazia ya mulango, hasira ikamupanda. Akaingia na sahani ya pili.

«Excellence, aksanti kwa kazi yenye mulipatia muzee wangu, mwalimu Fulgence. Iko na furaha, jana aliimbia mbuzi ya jirani wimbo ya taifa, mpaka mwisho. Ninaomba tu kitu moja. Dawa yake ya kichwa inaisha upesi, na akiikosa anavua nguo mbele ya watu. Sasa kule ku bureau, nani atakuwa anamushika?»

Directeur akaacha samaki. Akamuangalia Monsieur Édouard. Na Monsieur Édouard, Mungu amubariki, uso nyekundu, akasema pole pole: «Nilikuwa ninataka kukuambia.»

Siku ya tatu radio ikasema: kwa sababu ya afya, mwalimu Fulgence anaachwa, nafasi yake inakamatwa na Monsieur Hippolyte, agronome, mutu wa masomo ya mashamba. Hippolyte tulimujua, alikuwa anaishi avenue ya nyuma yetu, yeye pia mutoto wa Djugu. Yeye alifurahi, akashonesha koti. Monsieur Édouard akafuta jina moja, akaandika ingine mu kisanduku ile ile, na kijani ile ile. Rapport yake ya pili ilisema ni mabadiliko kidogo tu.

Lakini Bunia kuna midomo. Chauffeur wa directeur alisema kwa bibi yake, bibi yake akasema ku soko, na siku ya kwanza ya juma wazazi walikuwa wamejaa mu bureau ya masomo. Hawakutaka mwalimu wa kuvua nguo. Wakamuambia baba Fulgence apumuzike kwanza, ajitunze. Akarudi nyumbani na chaki ingali ku mukono.

«Ungesema tumbo, Régine,» akamuambia. «Ungesema figo. Ungesema sukari. Kichwa? Mwalimu iko na nini ingine?»

Miezi mbili hakumuzungumzisha tena. Alikuwa anakula ametupa mugongo. Na mama mukubwa, mwenye mudomo vile, alinyamaza, anamuwekea kipande ya muzuri, na kila siku ya Mungu anapiga pasi shati yake ya masomo, hata kama masomo haiko. Niliumia kwa ajili yao wote wawili. Siku moja nikamuambia mama mukubwa amuombe musamaha. Akanijibu: «Anichukie tu. Mutu wa kuchukia iko muzima.»

Halafu wakamuua Hippolyte ku njia ya Marabo. Nani alimuua, mpaka leo hatujui. Baba Fulgence alienda ku kilio, akarudi muchana na vumbi mpaka magoti. Mama mukubwa alikuwa mu kiwanja, anapepeta mchele. Bwana yake akavuta kibao, akaikaa mbele yake, uso kwa uso.

«Bibi ya Hippolyte alinishika mukono,» akasema. «Aliniambia, Mwalimu, weye uko na bahati, weye uko mugonjwa.»

Akapangusa vumbi ku magoti.

«Régine, kesho watu wakiuliza, waambie kichwa ingali inanisumbua.»

Hapo ndipo mama mukubwa alilia, miezi mbili yote mara moja. Baba Fulgence akamutolea lungo ku mikono, mchele isimwangike.

«Mimi niliangalia wangu tu,» mama mukubwa akasema. «Na bibi ya Hippolyte pia alikuwa na wake. Ila yeye hakukuwa na muzungu wa kupikia samaki.»