Jiwe la Besi

Kwa miaka ishirini na miwili Luhende alikuwa na kazi mbili, na zote zilikuwa za uzito. Siku za wiki alisimamia mizani katika kiwanda cha mafuta ya pamba kule Nyakato, Mwanza. Jumamosi alipiga gitaa la besi katika bendi ya Mzee Mbaruku, akibeba mwenyewe spika yake, sanduku kubwa jeusi ambalo wenzake waliliita Fahali. Fahali alikuwa na kilo hamsini na mbili. Luhende alimpima siku ya kwanza, kwa mazoea tu, kisha akajuta kujua.

Mwezi wa tano kiuno kiligoma. Aliinama kumnyanyua Fahali, akabaki vivyo hivyo ameinama, na kwa siku mbili mkewe, Sabina, akawa anachuchumaa mbele yake kumnywesha uji. Daktari alimwonya asinyanyue tena chochote kinachozidi kilo ishirini.

Akaenda kumweleza kiongozi wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umejikunja kama ndoana?"

"Kiuno, mzee. Nataka kununua spika nyepesi."

Mzee Mbaruku aliliweka chini gitaa lake. "Luhende, umewahi kuona kiboko mwembamba? Besi ni uzito. Haya, njoo na hicho kikapu chako Jumamosi, harusi ya Nyegezi. Kikilia kama kifaranga, kuanzia Jumapili besi itapigwa na kinanda. Kinanda hakiumwi kiuno."

Luhende hakula siku hiyo. Alimjua mpiga besi mmoja aliyemezwa na kinanda. Siku hizi anapanga viti kwenye kumbi zile zile alizokuwa akizitetemesha.

Kesho yake aliingia dukani mjini akiwa na Sabina, gitaa, na mizani ya kuning'iniza aliyoazima kiwandani. Akaifunga kwenye boriti ya mlango, akaanza kutundika spika moja baada ya nyingine. Ya kwanza, kilo thelathini na moja. Ya pili, ishirini na nne. Ya tatu, yenye spika moja ya inchi kumi na mbili, kilo kumi na saba.

"Kaka, hapa tunauza sauti, si nyama," alisema muuzaji, kijana aitwaye Abdillah.

"Sauti nitaisikiliza. Kwanza nijue kama itafika ukumbini."

Abdillah alieleza kwamba mbao za hiyo ya tatu ni nyembamba ila ngumu, na sumaku yake ni ndogo ila ina nguvu nyingi. Luhende akapiga uzi mnene kuliko zote. Sabina alifumba macho.

"Baba Mayala, hii nimeisikia tumboni."

"Na Fahali je?"

"Fahali nilikuwa namsikia ukigeuka kitandani."

Wakaichukua.

Jumamosi wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wimbo wa pili ulipoanza, Luhende alishuka kwenye sauti za chini kabisa, na ile spika, juu ya vigae vilivyong'arishwa kwa ajili ya harusi, ikatetemeka, ikasogea. Kila noti, hatua moja. Waya ulikuwa mfupi, kwa hiyo Luhende akalazimika kuifuata. Spika ilikuwa inaelekea kwenye keki.

Wageni walidhani ni mtindo mpya. Shangazi wa bwana harusi akateremka na vigelegele, akaituza spika kitenge, akaifunga vizuri kama anamvika mkwe. Spika ikaendelea kutembea imevaa.

"Mpisheni shangazi wa upande wa pili!" alitangaza mshereheshaji. Kitenge cha pili kikafunika cha kwanza, na besi ikazama humo ndani, ikawa inanung'unika kama mtu aliyejifunika blanketi. Luhende alimwona Mzee Mbaruku akimwangalia mpiga kinanda.

Zilipobaki hatua mbili kuifikia keki, mzee alisimamisha muziki. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akarudi amekumbatia jiwe, kitu ambacho Mwanza haijawahi kupungukiwa. Akavivua vile vitenge, akairudisha spika mahali pake, akalitua jiwe juu yake.

"Piga."

Luhende akapiga. Spika ilitulia mahali pake, na besi ikatambaa sakafuni hadi chupa za soda zikagongana mezani. Mzee Mbaruku aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Ndiyo hiyo!" alisema. "Mnasikia? Hilo jiwe lina besi!"

Luhende alifungua kinywa aeleze habari za sumaku. Kutoka meza ya mbali Sabina aliweka kidole midomoni. Luhende akafunga kinywa.

Jumatatu mzee alilileta jiwe kiwandani lipimwe, asije mtu akalibadilisha. Kilo thelathini na tano. Luhende alijumlisha kichwani na zile kumi na saba, akampata Fahali mzima, akatazama pembeni.

"Liko sawa, mzee."

Jumamosi iliyofuata walipiga Mkolani, kwenye ukumbi ambao nyuma yake kuna mawe makubwa kama nyumba. Luhende alitangulia, spika mkono mmoja, gitaa mkono mwingine, akipiga mluzi. Nyuma yake Mzee Mbaruku alipanda ngazi akitweta, jiwe limefungwa mgongoni kwa kitenge cha shangazi.

"Mzee, mawe si yapo hapa hapa?"

"Haya? Haya yamepiga harusi gani?"

"Basi nikupokee."

"Usiliguse! Jiwe hili halibebwi na mtu wa kiuno kibovu. Wewe kapange besi yako."