Mwenye Mzigo Apishwe Njia

Ipo siku moja ya ujana wangu naikumbuka mpaka leo, na wiki hii nimeikumbuka kwa hasira. Nilikuwa nimeolewa juzi tu hapa Kinyala, napandisha maji kutoka mtoni, debe kichwani, masika yameigeuza njia kuwa utelezi mtupu. Mwanangu, ninyi wa leo hamjali sana, lakini kwetu Wanyakyusa mwanamke na baba mkwe wake hawakuonana uso kwa uso. Ukimsikia anakohoa njiani, unaingia migombani mpaka apite. Nikasikia kikohozi chake, nikaanza kutafuta pa kukanyaga. Kumbe mzee mwenyewe ameshaingia migombani, matope yamemfika vifundoni, amenipa mgongo.

Shemeji yangu, aliyefuatana naye, akacheka. "Baba, unampisha mwanamke?"

Mzee hakugeuka, mila ilimkataza. Ila alipaza sauti nami nisikie: "Huoni ana maji kichwani? Mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Shika adabu!"

Sasa nije kwenye kilichonichoma roho. Zahanati yetu ina sola juu ya bati. Jua la huku ni la kuvizia. Ukungu ukiondoka, mvua inabisha hodi. Kwa hiyo fundi kutoka Tukuyu alifunga rilei, yaani swichi inayojigeuza yenyewe. Betri za taa zikijaa, inapeleka umeme kwenye pampu, maji yanapanda kutoka bondeni hadi tangini. Betri zikipungua, inaurudisha. Nilipoelezwa nilicheka, nikasema hawa nao wanapishana kama mtu na mkwewe.

Mtunzaji wa mitambo hiyo ni Ambokile, mjukuu wangu wa damu. Akavuta waya kutoka kwenye betri za zahanati hadi kwenye banda lake la kuonyesha mpira. Betri zikawa zinaisha mapema, na watazamaji wanalalamika picha inakatika. Basi akafungua boksi la rilei, akaunga waya wa kuiruka rilei, jua lote likaenda kwenye betri. Pampu ikanyamaza, tangi likakauka, naye hakumwambia mtu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa!

Tumpe, binti wa jirani yangu, akajifungua pale zahanati mchana, damu inamtoka. Nesi akafungua koki, ikatoa upepo. "Jamani, maji! Leteni maji!" Nikashuka mtoni na wanawake wenzangu, na magoti yangu haya mabovu. Tulipokuwa tunapanda na ndoo, bandani wanashangilia goli. Nilitamani kulibomoa lile banda kwa mikono yangu.

Tumpe na mtoto wake wako hai, ashukuriwe Mungu, si Ambokile. Nilipoufuata waya hadi bandani kwa Ambokile, alinijibu kwa upole wa kuudhi: "Bibi, umeme ulikuwa hautoshi."

"Haukumtosha nani? Mpira wako au mzazi?"

Akainama. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi sikuwa na subira ya kuungoja ulimwengu. Nikamsimamia mpaka akang'oa nyaya zote mbili, ule wa bandani na ule wa boksini. Na kwa kuwa ukungu ulikuwa umetanda na pampu haina jua, nikamwambia tangi la zahanati atalijaza kwa kichwa chake.

Jana nilikutana naye kwenye njia ile ile ya mtoni, ndoo kichwani, anatweta. Nikatoka njiani, nikaingia migombani kwenye matope, nikampisha. Aliniangalia, machozi yakamlengalenga. "Bibi, nisamehe," akasema. Nikamwambia apite, maji yanasubiriwa.

Mwanangu, ujuzi wa nyaya ni mzuri, jifunze. Lakini kabla hujaunga waya wowote, uliza upande wa pili nani amebeba mzigo. Ukishiba, pisha. Usipoweza kupisha, usiguse boksi la watu.

Mungu akupe jua la kukutosha, akupe na haya ya kuwaachia wengine. Na siku mzigo utakapokuwa kichwani kwako, umkute njiani mtu wa kukupisha.