Flashi Iliyorudi Imejaa

Mtu akiniletea flashi na kusema vitu vyake vimepotea, simwulizi vilikuwa vitu gani. Namwuliza alifanya nini baada ya kuona vimepotea. Wengi hawalipendi swali hilo, wanaona ni la polisi. Lakini jibu lake ndilo linaloamua kama nitaketi na kuanza kazi, au nitamrudishia flashi yake na kumpa pole.

Kazi hii sikuisomea. Nilijifunza kwa vitabu vya Kifaransa visivyo na majalada, na kwa kuharibu vifaa vyangu mwenyewe, katika chumba karibu na soko la Kasongo. Juu ya bati nina paneli ya jua inayotosha kompyuta na feni, pasipo mawingu.

Siku hiyo walikuja wanawake wawili. Mmoja huuza vitenge pale sokoni, nilikuwa namfahamu. Mwingine alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, aliyetoka Wamaza kwa pikipiki na vumbi la njia bado liko kwenye kilemba chake. Mwenye vitenge aliweka flashi mezani. Alinieleza kwamba humo mlikuwa na sauti ya mama yake mzazi, aliyefariki Wamaza. Alikuwa amemrekodi kwa simu alipokwenda kumtazama, simu ikajaa, akahamishia sauti zote kwenye flashi na hakuziweka mahali pengine. Arobaini ilikuwa inakaribia, ukoo ungekusanyika, naye alitaka wamsikie mama yao. Alikuwa amemwazima wifi yake ile flashi kwa sababu wifi ana redio yenye tundu lake, na kwa sababu ndiye aliyemuuguza mama hadi mwisho. Flashi ilirudi imejaa kasida. Mama hakuwamo.

Niliuliza swali langu. Wifi alijibu huku akitazama ndara zake. Aliipeleka kwa mtu mmoja wa Wamaza anayewatilia watu miziki. Yule mtu aliichomeka kwenye mashine yake, na iliporudi kwenye redio, redio ilinyamaza.

Halafu? Halafu aliirudisha kwa yule yule, akamwambia aijaze kasida.

Nilitaka kujua kwa nini. Mwenye vitenge alimjibia, tena kwa ukali kidogo, kana kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu.

"Fundi, angeirudisha tupu?"

Nilielewa. Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu. Likija na samaki, hurudi na mihogo au mchele, hata ukiwa wa kuziba chini tu. Watu wa Kasongo na Kabambare hurudisha flashi kwa adabu hiyo hiyo, na sijaona kitu kinachomaliza faili zilizofutwa kama adabu hiyo.

Maana kufuta si kutoa. Flashi ina sehemu yenye majina ya faili na mahali zinapokaa. Ukifuta faili, mashine huharibu herufi ya kwanza ya jina na kutangaza kwamba kiwanja kiko wazi. Bidhaa zenyewe hubaki kibandani mpaka mfanyabiashara mwingine aje kushusha zake. Asipokuja mtu, unaweza kuzikuta zote. Ndiyo maana huwa nawaambia watu wasiguse kitu.

Kuficha ni jambo lingine. Faili iliyofichwa ina jina lake na kiwanja chake, ila imetiwa alama inayoiambia mashine isiionyeshe. Ni kama mtu aliye ndani ya nyumba asiyeitikia hodi. Hujamwona, lakini kitanda chake hakiwezi kupewa mgeni.

Wakati naeleza haya, wifi alikumbuka kwamba yule mtu wa miziki alinung'unika. Alisema flashi hiyo ni ya uongo, inajiita kubwa na inashiba upesi. Hiyo ilikuwa habari njema ya kwanza: humo kuna kitu kisichoonekana kilichokalia nafasi. Niliiagiza kompyuta ionyeshe vilivyofichwa, na folda ikatokea, rangi yake imefifia kama kitenge kilichofuliwa mara nyingi. Ilikuwa kazi ya virusi vya kawaida. Nilifungua faili ya kwanza, na mama akauliza, kwa Kibangubangu, ni nani ameacha kuku waingie jikoni.

Mwenye vitenge alijifunika uso kwa upindo wa kitenge. Alipojifunua, alitazama majina kwenye kioo, akayatazama tena.

"Ile niliyomrekodi barazani haiko," alisema. "Virusi vimekula hiyo moja tu?"

Nilimwambia ninalolijua: virusi vya aina hii huficha vyote, havichagui. Nilisema hivyo nikiitazama kompyuta. Kisha nilitumia programu ya kutafuta vilivyofutwa, nikapata jina lisilo na herufi ya kwanza. Nilipolifungua, ikaanza kasida katikati ya ubeti.

"Ni mimi nilimwambia yule mutu aitoe," wifi alisema. "Mama anasema mboga yangu ya sombe iko na muchanga. Siku ya arobaini, watu wote wamekaa, redio inasema sombe yangu iko na muchanga?"

"Na iko nao," alisema mwenye vitenge.

"Wifi, nitakupiga."

"Ulisikiliza mpaka mwisho?"

Hakusikiliza. Alisema hakuna mtu anayengoja mwisho wa matusi yake mwenyewe. Basi mwenye vitenge akamwambia yaliyofuata. Baada ya mchanga, mama alisema: "Lakini maji anayoniogeshea hayajawa baridi hata siku moja. Ninyi niliwabeba mgongoni. Mimi anayenibeba ni huyu."

Wifi alinigeukia, akaniuliza kama naweza kumrudishia mwisho peke yake. Nilijaribu programu nyingine inayochimba zaidi, na kasida ilikuwapo mpaka chini. Aliuliza kama zile kasida zikitolewa kwanza, mama hatakuwa chini yake. Nilimwambia hapana, kiwanja hakiweki bidhaa za wawili. Kilichofichwa kilisalimika. Kile alichotaka kifutwe ndicho kilichofutika, na bila zile kasida ningekipata chote.

Maneno ya mama kuhusu maji sikuyasikia mwenyewe, kwa hiyo siwezi kuyathibitisha. Niliendelea kunakili folda kwenye kompyuta yangu na kwenye flashi nyingine.

"Sema tena," wifi alisema nyuma yangu. "Sema vile mama alisema."

Mwenye vitenge alirudia, safari hii kwa Kibangubangu, akiiburuta sauti kizee.

"Hapana. Mama akitaka kunisifu, anakohoa kwanza."

Mwenye vitenge alikohoa, akaanza upya.