Utepe Alioutoboa Karani Mkuu

Niliporudi kazini baada ya uzazi, mtoto wangu akiwa na miezi mitatu, nilimkuta karani mkuu amekalia kiti changu mbele ya mashine ya kutoboa utepe. Alikuwa akibonyeza vitufe vya herufi kwa vidole viwili, akaniona, akafunika kazi yake kwa gazeti.

Mtu huyo hakuwa amewahi kugusa mashine ile kabla ya siku hiyo. Kutoboa kulikuwa kazi yangu. Ofisi yetu ya mizigo, kule Mbaraki bandarini, ilipeleka habari Nairobi kwa teleprinta: unatoboa maneno kwenye utepe mwembamba wa karatasi, unaupitisha kwenye mashine, na mashine ya kule inayapiga chapa. Kila herufi ni safu ya matundu, yasiyozidi matano. Tundu moja la ukingoni ni E, mawili ni A. Aliyezoea huusoma utepe kwa macho, na mimi nilikuwa nimeuzoea kabla hata sijaolewa. Yeye hakuyajua hayo. Kwake yale yalikuwa matundu tu.

Nikaanza kumchunga. Nikiingia, mazungumzo yanakatika. Saa sita na nusu nikikimbilia basi kwenda Mji wa Kale kumnyonyesha mtoto, yeye anatazama saa ya ukutani. Tarishi wetu, mzee asiyeweza kukaa na neno, akaninong'oneza: "Bibi, mkubwa kaniuliza mara mbili warudi saa ngapi."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia saa nane kasoro, kabla kazi haijaanza. Akanuna, kama aliyetaka nyingine."

Nyumbani mama mkwe, aliyekuwa akinilelea mtoto, aliniona nimekunja uso. "Wamnyonyesha mwana kwa hasira? Maziwa yatamuumiza tumbo. Na hiyo kazi, mwanangu, si uiache?"

Nikamhamishia mtoto titi la pili. Mume wangu alikuwa hana kazi tangu Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, na mama mkwe alijua. Kazi hiyo ikiniponyoka, sote wanne tungekaa kutazamana.

Alhamisi karani akaniletea utepe umekunjwa vizuri. "Uendeshe saa nane. Nakala itakayochapwa huku nitaichana mwenyewe. Ni siri ya ofisi."

"Sawa, bwana."

Alipokwenda kuswali adhuhuri, kabla sijalikimbilia basi, nikaukunjua kwenye mwanga wa dirisha. Mwanzo ulikuwa namba ya barua. Kisha, kwa Kiingereza chake cha ofisini: opereta wa kike amezaa, anachelewa kila siku, makosa yake ni mengi, aachishwe kazi mwisho wa mwezi, aletwe mwanamume. Kuchelewa gani? Daftari la kuingia na kutoka lilikuwa mezani kwake, na saini zangu zimo.

Nikausoma tena, taratibu, kwa sababu kitu fulani hakikukaa sawa. Matundu ya herufi na ya tarakimu ni yale yale. Kinachotenganisha ni alama: ukitaka tarakimu unatoboa safu ya matundu manne, na ukitaka kurudi kwenye herufi unatoboa yote matano. Yeye alitoboa manne kwa ajili ya namba ya barua, na hakurudi. Mashine haikisii kama mimi. Ingeyapiga maneno yake yote kama tarakimu na mabano.

Ningeweza kurekebisha kwa safu moja. Sikurekebisha. Niliambiwa niuendeshe, nikauendesha.

Saa nane akasimama nyuma yangu. Mashine ikaanza: saba, nne, mabano, tatu, alama ya kuuliza. Ilipofika kwenye J ikalia kengele, maana J kwa upande wa tarakimu ni kengele. Makarani wawili wakainua vichwa. Nairobi wakajibu papo hapo kwamba hawaelewi, rudieni.

"Umeifanya nini mashine?" akaniuliza.

"Mashine haina kosa."

"Basi umeuchezea utepe wangu. Nilikushuku tangu asubuhi."

Hapo nilisimama. Nikauchomoa utepe, nikaushika mbele ya makarani na tarishi, nikaweka kidole kwenye safu ya kwanza, nikausoma kwa sauti, neno baada ya neno, mpaka kwenye "mwanamume". Kisha nikamwambia, "Hapa, baada ya namba, hukurudi kwenye herufi. Nikurekebishie? Nitarekebisha sasa hivi na kuupeleka, lakini nitaandika chini yake saa nilizoingia na kutoka, kama zilivyo daftarini. Lete daftari."

Akalitazama daftari. Tarishi naye akalitazama, kwa makusudi.

"Acha," akasema. "Wajibu kwamba ni kosa la mitambo."

"La mitambo?"

Akawatazama makarani. "La aliyetoboa."

Nikaandika hivyo hivyo: kosa la aliyetoboa, karani mkuu. Nikabonyeza kabla hajasema lingine.

Mwisho wa mwezi ulipita nikiwa kwenye kiti changu. Hajatoboa tena, lakini simwamini. Mara nyingine huniletea utepe uliotobolewa ofisi nyingine, orodha za mizigo tu, na mimi huukunjua wote dirishani, safu kwa safu, yeye akiwa amesimama hapo ananingoja nimalize.